Mjadala: Mzee akiwa anakufa, aambiwe au afichwe?

Wadau wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko, nina swali lililonikaa kifuani miaka mingi, na juzi filamu moja ikalichokonoa upya. Mzee wako akipimwa ikaonekana hana muda mrefu, nani anapaswa kuijua habari hiyo kwanza, yeye au nyinyi watoto? Na mkishaijua, mna haki ya kumficha?

Filamu yenyewe inaitwa Lucky, ya Marekani, mwaka 2017. Si ya studio kubwa. Mwelekezi wake, John Carroll Lynch, ni mwigizaji na hapo ndipo alipoelekeza filamu kwa mara ya kwanza. Tuliitazama watu sita sebuleni kwa rafiki yangu hapa Kisumu, ukutani, kwa projekta ya kuazima. Hamna bunduki, hamna mapenzi ya vijana. Kuna mzee wa miaka 90 anayeishi peke yake katika mji mdogo wa jangwani. Asubuhi ananyoosha viungo, anakunywa maziwa, anavuta sigara, kisha anakwenda mkahawani kujaza fumbo la maneno. Jioni ni baa. Jina hilo, lenye maana ya mwenye bahati, alilipata katika vita vya pili vya dunia kwa kuwa alikuwa mpishi melini. Siku moja anaanguka nyumbani bila sababu yoyote. Daktari anampima, kisha anamwambia waziwazi kwamba hana ugonjwa, amezeeka, na uzee hauna dawa. Hata sigara hamkatazi, maana kuziacha katika umri huo huenda kukamdhuru kuliko kuendelea nazo.

Aliyeigiza ni Harry Dean Stanton, ambaye naye alikuwa mwanamaji katika vita hivyohivyo. Alifariki Septemba 2017 akiwa na miaka 91, wiki mbili kabla filamu haijaanza kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema kwao. Ukijua hilo, kila anapokaa kimya akitazama mbali, unashindwa kusema hapa anaigiza na hapa haigizi.

Sebule iligawanyika pale kwa daktari. Mmoja wetu alisema daktari yule ni katili, mzee haambiwi hivyo. Mwingine akasema ndiyo heshima yenyewe. Tulibishana mpaka saa sita usiku, na chai ikapoa. Mimi nilinyamaza sana usiku ule, kwa hiyo nausema msimamo wangu hapa: aambiwe.

Baba yangu alikuwa gadi wa reli. Alistaafu akarudi nyumbani Vihiga, kwenye shamba ambalo ukisimama katikati unaweza kurusha jiwe likavuka mpaka wowote. Mwaka 2015, akiwa na miaka 74, ugali ulianza kumkwama. Ulianza ugali, ukafuata wali, mwishowe ikawa uji tu. Watu wa magharibi na wa Bonde la Ufa mnaijua safari hiyo, saratani ya umio, mrija wa kupitishia chakula, imetuzoea. Daktari alituita pembeni, mimi na kaka mkubwa, akatueleza. Tukamsihi asimwambie Baba, akakubali. Tuliporudi kwenye benchi Baba akauliza, "Wamesemaje?" Kaka akajibu, "Ni vidonda vya tumbo, Baba. Vitapona."

Tuliishi na neno hilo, vidonda, miezi minne. Dawa tulizitoa kwenye pakiti zake kabla hajaziona. Shangazi, dada anayemfuata Baba, tulimzuia asije kwa kuwa tulijua angelia. Mchungaji tulimwomba aombee wagonjwa wote kwa jumla. Baba akaniagiza mbegu za mahindi za mvua ya Machi, nami nikazinunua, nikampelekea, nikijua. Akazishika, akasoma pakiti mbele na nyuma, akaniambia niziweke mahali pakavu. Alifariki Januari.

Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, watu walipokaa kuhesabu madeni ya marehemu kama ilivyo desturi yetu, akasimama mzee kutoka ng'ambo ya mto akasema Baba alikuwa na mtamba wake. Jirani naye akasema mpaka wa juu si pale tunapodhani. Hati ya shamba bado ilikuwa kwa jina la babu. Tulitazamana watoto saba. Mtu mmoja tu angeweza kuyajibu maswali yale, naye tulikuwa tumemzika Jumamosi. Mtamba tulilipa bila kujua kama tunadaiwa. Kesi ya mpaka haijaisha hadi leo.

Katika filamu, mzee mmoja rafiki yake Lucky, aliyeigizwa na David Lynch, amepotelewa na kobe wake, na anamwita mwanasheria aandike wosia wa kumwachia kobe huyo mali yake. Wenzangu walicheka. Mimi nilimwonea wivu, kwa sababu yeye alipewa nafasi ya kusema anachotaka.

Tunasema tunamficha mzee asife moyo. Nilisema hivyo pia. Sasa naamini tulijikinga sisi wenyewe, tusiuone uso wake akisikia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walikuwa wakimsema mgonjwa anayeficha maradhi yake. Sijui wangesema nini juu ya watoto wanaomficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe.

Nawasikiliza, hata wanaopinga.

Mchangiaji, Lanet, Nakuru

Pole kwa Baba. Lakini napinga, tena kwa uchungu. Mama yangu aliambiwa. Daktari alimwambia mbele yangu, dakika tano hazikufika, nje foleni imejaa hadi kwenye ngazi. Mama alisema asante. Tulipofika nyumbani alilala akageukia ukuta. Alikuwa mfumaji wa vitambaa, kimoja kilikuwa kimebaki pembe moja tu kukamilika. Hakukigusa tena. Hakula chakula cha maana tena. Siku 19 tukamzika. Msiniambie ni ugonjwa uliomwondoa upesi hivyo. Ugonjwa ulikuwepo Jumatatu pia, kabla hajaambiwa, na Jumatatu alikula, akaniuliza bei ya nyanya sokoni.

Halafu huyo mzee wa filamu hana mke, hana mtoto, hana kanisa. Amezoea kukata kauli peke yake. Mama yangu hakuwahi kuuza hata mbuzi bila kushauriana na dada zake. Mambo yote ya maisha yake aliyabeba na watu. Kwa nini kifo ndicho abebeshwe peke yake, kwa jina la haki? Kama ningerudishiwa siku ile, ningemfuata daktari mlangoni nimwambie, niambie mimi.

Mchangiaji, Kakamega

Mzee huwa anajua. Babu yetu hatukumwambia kitu, lakini alianza kugawa vitu. Redio akampa huyu, baiskeli yule, koti akaniita mimi. Mnabishania siri ambayo mwenyewe anayo mfukoni.

Mchangiaji, muuguzi, Kisumu

Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na kila wiki kuna mtoto wa mtu anayenivuta kando ya korido kuniambia, "Sista, tafadhali usimwambie." Huwa siwakasirikii, naona wanavyotetemeka. Ila tuwekane sawa kuhusu sheria. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, isipokuwa pale ambapo kuna ushahidi wa kutosha kwamba kumweleza ni kinyume cha maslahi yake. Inataka ushahidi. Hofu ya watoto haitoshi kuwa ushahidi. Tena Katiba, kifungu cha 57, inampa mtu aliyefika miaka 60 haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia na serikali pamoja. Mzee mwenye akili timamu hajageuka mtoto kwa sababu ameugua.

Jambo ambalo watu hawalioni ni hili. Kenya ina tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na kumshika mkono mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Hospisi ya Nairobi, kituo cha huduma hiyo, ilianza mwaka 1990, na hata Kisumu na Nakuru kuna hospisi. Morfini ya maji, dawa kali ya maumivu ya kunywa, inaweza kumwezesha mtu kulala usiku kucha. Lakini nikitaja tu hospisi, familia inasema hapana, atajua. Basi mzee anarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu madogo, akiuma meno usiku, ili siri isitoke. Hilo nimeliona mara nyingi mno, na ndilo linaloniudhi kuliko uongo wenyewe.

Dada wa Nakuru, yaliyompata Mama yako yaliniumiza kuyasoma. Ile haikuwa kuambiwa, ilikuwa kutupiwa. Sisi tunafundishwa kuuliza kwanza: Mama, unaelewa nini juu ya ugonjwa wako? Ungependa kujua kila kitu, au ungependa niongee na mtu wako? Wapo wanaojibu, ongea na mwanangu. Huyo amechagua, na simlazimishi kusikia. Wapo wanaosema, niambie wewe, hawa wananidanganya. Na kuna wanaotaka kidogo leo, kidogo kesho. Kinachohitajika ni kiti, mlango uliofungwa, na saa nzima. Saa nzima ndiyo hatuna. Wauguzi wawili kwa wodi iliyojaa, unamkalisha nani?

Mchangiaji, mwalimu mstaafu, Bungoma

Vijana wangu, naongea kama mtu wa miaka 77, maana naona mnatujadili na sisi bado tupo.

Kwetu Wabukusu mzee alikuwa akiiona siku yake anawaita wanawe, anasema neno lake. Huyu atalima hapa, yule alinikosea lakini nimemsamehe, ng'ombe wa fulani arudishwe. Baadaye, kwa mzee wa heshima, huja yule anayesimama mbele ya umati baada ya mazishi kusema kumuse, kuwafariji watu na kuwaonya. Mambo yote yalikuwa na mwenye kuyasema. Angalieni basi, ni mzee aliyewaambia watoto. Mtoto hakumwambia mzee. Ndiyo maana swali lenu linanikwaruza. Mwanangu aliyetoka mtoni akatahiriwa uani kwangu, aje akae mbele yangu aniambie nakufa? Hata akinipenda vipi, neno hilo kinywani mwake halikai.

Lakini sisemi nifichwe. Nasema mtumeni mwenzangu. Wale tuliotahiriwa pamoja, bakoki wangu, tumebaki watatu. Mmoja wao akija akaketi, akaniambia, "Jamaa, wamenieleza, na hali ni hii," nitasikia. Ameniona nikivumilia kisu, hawezi kuniona mwoga. Hiyo filamu nimeitazama kwa mjukuu. Daktari alimwambia Lucky ukweli, lakini ukweli ulimwingia mkahawani, alipokutana na mzee mwingine aliyepigana vita vilevile akamsimulia mapigano ya Okinawa kule Japani, na mtoto wa kike aliyetabasamu akidhani anakwenda kuuawa. Wazee wawili, kahawa mbele yao. Watoto wa pale mjini wasingeweza kuyaongea hayo naye.

Mleta mada

Mwalimu, shikamoo. Neno lako limenikalisha chini. Baba alikuwa na mwenzake wa reli, alikuwa akiishi Luanda hukohuko Vihiga, mwendo wa matatu moja tu. Hakuna aliyemwita. Tulimhesabu kati ya watu wa kuzuiwa, pamoja na Shangazi. Labda yeye ndiye angeleta ile kauli ambayo mimi na kaka tulishindwa kuitoa, na sikuwahi kulifikiria hilo hadi leo niliposoma. Swali la nani aseme huenda ni kubwa kuliko swali nililoleta.

Sista, asante kwa hilo la morfini. Baba hakuipata. Ni sisi tulioikataa, nalisema hapa kwa jina la familia yetu.

Dada wa Nakuru, nimekusoma mara tatu. Sitakuambia ulikosea, na kile kitambaa cha Mama sitakisahau. Ila umeuliza kwa nini mtu abebeshwe kifo peke yake, na hapo ndipo naumia, kwa sababu sisi tulikuwa saba nyumbani, na wajukuu, na majirani wakiingia na kutoka, na bado alikibeba peke yake. Ndugu wa Kakamega anasema mzee huwa anajua. Kama Baba alijua, basi alijua miezi minne bila mtu wa kumwambia kwamba anajua.

Kuna sehemu Loretta, mhudumu wa mkahawani, anamtembelea Lucky nyumbani. Wameketi wanatazama televisheni, na yule mzee mkavu, anayebishana na kila mtu, anamwambia kwamba anaogopa. Loretta anamjibu kwamba anajua, na hamwongezei mawaidha. Tangu usiku ule nimeirudia sehemu hiyo peke yangu, kwa simu, sijui mara ngapi.

Desemba ile umeme ulikuwa umepotea, nimekaa kando ya kitanda chake na taa ya mafuta. Akanishika mkono akasema, "Mwanangu, hivi vidonda…" Akanyamaza, akinitazama, akingoja. Nikamwambia Ingwe, timu yetu ya mpira, wameshinda. Hawakuwa wamecheza siku hiyo. Akanitazama kidogo tena, kisha akauliza mabao mangapi. Nikasema mawili.