Dawa za nyumbani: nani apewe nini, na kwa kipimo gani?

BintiKisauni
Asalaam aleikum. Nataka kupanga kabati dogo la dawa za nyumbani, lakini kila ninayemuuliza anitajia majina ya vitu bila vipimo. Nyumbani kuna mtoto wa miezi 8 anayenyonya, mwengine wa miaka 4, na bibi mwenye sukari anayetumia glibenclamide (vidonge vya kushusha sukari). Yanayotusumbua ni kuhara, kikohozi, homa na kuungua jikoni. Asali ipo, tangawizi ipo, na mkilifi (mwarobaini) uko nyuma ya nyumba. Maji ya kuoshea ni ya kisima, ya kunywa twanunua ya mkokoteni. Nianzie wapi?

Chanikiwiti
Waaleikum salaam. Anzia kwa kuhara, kwa sababu hapo ndipo kijiko kimoja kilichozidi kinaweza kudhuru.

Bora uweke pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), kwani zina potasiamu ambayo mchanganyiko wa nyumbani hauna. Soma pakiti kabla ya kukoroga: kuna za nusu lita na kuna za lita nzima. Kosa kubwa ni kumimina pakiti yote kwenye glasi moja ili "ikolee". Usiku pakiti zikiwa zimeisha, chukua maji safi lita 1 (chupa mbili za nusu lita ni kipimo kizuri), sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko visawazishwe kwa mgongo wa kisu, visiwe na kilima. Sukari ikizidi huvuta maji kuingia utumboni na kuhara kunaongezeka. Chumvi ikizidi hupanda kwenye damu, na mtoto mdogo huweza kushikwa na degedege.

Na hapa kwetu kuna mtego ambao vitabu havitaji. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvichumvi, na maji ya mkokoteni hujui yalichotwa wapi. Kuchemsha huua vijidudu lakini chumvi haiondoki, tena maji yakipungua sufuriani ndipo inapokolea. Kwa hiyo onja maji kabla hujatia chochote. Yakiwa na chumvi tayari, yaache, hata kwa pakiti. Yakiwa matamu, yachemshe mpaka yatokote dakika 1 na yapoe yakiwa yamefunikwa. Ukishakoroga onja tena: chumvi isizidi ile ya machozi. Kikibaki baada ya saa 24, mwaga.

Wa miezi 8 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, wa miaka 4 mililita 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha mpe kijiko kimoja kimoja, polepole. Ziwa lisikatwe. Zahanati watakupa na zinki, miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Msiache kwa sababu kuhara kumekoma.

Macho yakididimia, ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, kinyesi kikiwa na damu au mfano wa maji ya kuoshea mchele, nendeni hospitali huku mkimnywesha njiani.

Ukwaju
Asali kwa wa miezi 8: hapana, hata ya kupaka ulimini. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na utumbo wa mtoto chini ya mwaka 1 hauna uwezo wa kuzizuia. Kuchemsha kwa jiko la nyumbani hakuziui. Wa miaka 4 apewe nusu kijiko cha chai kabla ya kulala, inatosha kutuliza kikohozi.

Kinachofaa kutazamwa zaidi ni pumzi. Mhesabu akiwa ametulia, dakika 1 nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 8, 40 au zaidi kwa wa miaka 4, au mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa: hiyo si kazi ya tangawizi. Kufukiza watoto kwa sufuria ya maji moto mimi siungi mkono kabisa, sufuria hupinduka.

Mkilifi: mafuta yake hayanyweshwi mtoto, yameshaleta degedege na hata vifo. Bibi naye akinywa maji ya majani yake juu ya glibenclamide, sukari inaweza kushuka mno. Akitetemeka, akitoka jasho baridi au akichanganyikiwa, na bado aweza kumeza, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15. Homa ya mtoto haitibiwi kwa mkilifi; huku pwani apimwe malaria siku hiyo hiyo.

KataMoja
Kuungua: maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Bomba likiwa kavu, mimina kwa kata kutoka mtungini bila kukatiza. Vua bangili na pete mapema, kabla hapajavimba. Barafu, dawa ya meno, yai na unga viache: barafu huumiza ngozi zaidi, vingine huzuia joto lisitoke na huchafua kidonda. Uso, viganja, sehemu za siri, au jeraha kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, ni hospitali.

Kwa kuhara mbona hamjataja dafu? Ni safi, na Mombasa halikosekani.

Chanikiwiti
@KataMoja dafu lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo sana, na anayehara hupoteza sodiamu kwa wingi. Wa miaka 4 anaweza kunywa pamoja na ORS, si badala yake.

BintiKisauni
Shukran nyote. Na vijiko vyangu havilingani, kimoja kikubwa kimoja kidogo. Nitumie kipi?

Chanikiwiti
Kipimo ni mililita 5. Chukua sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano, ya duka la dawa, jaza maji na uyamimine kwenye kila kijiko. Kinachojaa sawasawa bila kumwagika, kitie alama na ukiweke pamoja na pakiti.