Lincoln na telegramu zake: aliwasaidia majenerali au aliwavuruga?

Wakuu, kila inapotajwa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani (1861–1865), hakosekani anayedai kwamba Rais Abraham Lincoln, wakili tu, hakupaswa kuwabughudhi majenerali wake wa Kaskazini kwa telegramu. Napinga, ingawa si moja kwa moja.

Wenye dai hilo wana hoja kwenye bonde la Shenandoah, jimboni Virginia. Mei 1862 Lincoln alikuwa Washington akiwaelekeza majenerali wake Frémont, Banks na McDowell kwa waya wamzingire Stonewall Jackson, jenerali wa waasi wa Kusini. Mvua ikanyesha, Frémont akapita njia tofauti na aliyoagizwa, Jackson akaponyoka. Hapo sibishi.

Lakini tumtazame McClellan, jenerali mwingine wa Lincoln. Baada ya pigano la Antietam, Septemba 1862, alikaa zaidi ya mwezi bila kumfuata Lee, jenerali wa Kusini. Oktoba akaleta udhuru wa farasi kuchoka na kuugua ulimi. Lincoln akamwomba radhi kwanza, kisha akamuuliza: tangu Antietam, farasi wa jeshi lako wamefanya nini hata wachoke? Huko ndiko kuingilia? Kiongozi anayelipa jeshi ana haki ya kuuliza! Novemba akamng'oa.

Tena huyo McClellan naye alijua kutumia waya. Juni mwaka huohuo alimtumia Stanton, Waziri wa Vita, telegramu iliyoishia kwa kumshutumu kwamba amefanya juu chini jeshi liangamie. Ofisa wa telegramu akayakata maneno hayo, Stanton asiyaone.

Mtanitajia Grant, aliyekuja kuongoza majeshi yote ya Kaskazini mwaka 1864, kwamba kwake Lincoln alijifunza kunyamaza. Ni kweli Aprili 1864 alimwandikia kuwa undani wa mipango yake haujui wala hautafuti. Ila Agosti 3, Grant alipoagiza Jenerali Early wa Kusini afuatwe mpaka afe, Lincoln alimwonya kuwa agizo hilo halitatekelezwa asipolisimamia kila siku na kila saa. Grant hakununa, alifunga safari kwenda kulisimamia mwenyewe. Kwa hiyo Lincoln hakuacha kusukuma, ila safari hii alimpata mtu wa kusukumika.

Mnaosema angenyamaza, nijibuni hili: vuli ile ya 1862 nani mwingine angemwamsha McClellan? Halleck, mkuu wa majeshi yote wakati huo, aliyekuwa akikwepa maamuzi? Karibuni, ila mje na tarehe.