Mlango wa nakshi Lamu umeandikwa thamani SIFURI, printa shilingi 28,000!

Wanajamii, nina hasira na hili sitalinyamazia.

Kikundi chetu kinatunza nyumba ya wakfu hapa Mkomani. Tuliomba msaada wa kutengeneza zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zinazomong'onyoka kwa chumvi, na ofisi moja ikamtuma mhasibu aje kwanza aorodheshe mali. Kaja, kakaa barazani, kanywa kahawa yetu, kaandika. Jana nimeletewa orodha. Printa: 28,000. Viti vya plastiki: 6,000. Mlango wa nakshi: 0. Kiti cha enzi cha mpingo na pembe: 0. Sababu eti "umri wa matumizi umekwisha", yaani miaka ambayo kihesabu kitu hutarajiwa kutumika imepita. Na ombi la zidaka limekataliwa, kwa kuwa pesa haziwezi kutumika kwa mali isiyo na thamani.

Umri wa matumizi! Mlango huo tunaufungua kila siku tukirudi swala ya alfajiri.

Kinachoniuma zaidi ni mtu wa hesabu kuiona sanaa kama kitu kisichomhusu. Mji huu umejengwa na hesabu! Boriti za mikoko zilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, zikapakiwa majahazini kwenda Uarabuni, na faida ya biashara ndiyo iliyomlipa fundi wa nakshi. Hata huko Ulaya, Luca Pacioli, mtawa aliyechapisha Venice mwaka 1494 maelezo ya kuandika kila muamala mara mbili daftarini, alikaa Milan na mchoraji Leonardo da Vinci akimfundisha hisabati, na Leonardo akamchorea michoro ya kitabu kingine. Huyu wetu hata kuuliza mlango ulichongwa na nani hakuuliza.

Na asije mtu kuniambia ndiyo kanuni. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa sekta ya umma, IPSAS 45, kilichoanza kutumika Januari 1, 2025, kinataka mali za urithi ziingie vitabuni kama mali nyingine, na ile isiyopimika kwa uhakika ielezwe kwa maandishi. Ielezwe! Sifuri maana yake umepima ukakuta hakuna kitu. Kushindwa kupima ni jambo jingine kabisa, na mhasibu asiyejua tofauti hiyo asishike kalamu ndani ya mji ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001.

Halafu fikirini hili: kitu cha sifuri kikitoweka usiku, kitabuni hakipungui chochote. Hakuna hasara, hakuna wa kuulizwa. Wanunuzi wa milango ya kale tunawajua, na orodha kama hii ni kuwafungulia njia.

Nimepewa hadi Ijumaa nitie sahihi. Sitii. Kama kuna aliyewahi kupinga orodha ya mali ya namna hii, ya msikiti, ya maktaba ya hati za kale, ya chochote, aniambie alimwandikia nani na barua ilisemaje.