Watu-joka wa Kivu: damu baridi, damu moto, au Dragonborn waliokwisha kuandaliwa?

Mkaa_wa_Nyiragongo (Goma)

Muko aje, ndugu zangu. Naandaa taifa la watu-joka kwa mchezo wa meza na dadu wa wachezaji 5, na michoro yake itaingia pia kwenye katuni ya kurasa 48. Wanaishi kati ya mji wa Sake na miteremko ya volkano ya Nyiragongo. Urefu mita 2, uzito kilo 110, magamba, pua ndefu, mkia, wanatembea kwa miguu miwili.

Nina njia tatu. Ya kwanza ni damu baridi: joto linatoka kwenye jua na mawe, mayai yanafukiwa kama ya mamba. Ya pili ni damu moto: mwili unajitengenezea joto, mayai yanatamiwa kama ya ndege. Ya tatu ni kuchukua Dragonborn, watu-joka wa mchezo wa Dungeons & Dragons walivyo na kubadilisha majina tu. Ipi itahimili maswali ya wachezaji, na ipi itanizalia mila zenye mizizi badala ya mavazi matupu? Halafu mabawa: niweke au niache?

Mfuga_Kenge (Bukavu)

Mabawa acha. Tandawala mkubwa ana kilo 18 hivi na tayari ni kati ya ndege wazito kabisa wanaoruka. Wako ana kilo 110. Tena hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo aliye na viungo sita, kwa hiyo mabawa yangekula mikono.

Sasa chakula, kwa sababu hapo ndipo njia mbili za kwanza zinapoachana. Mnyonyeshaji wa kilo 110, akiwa amelala tu, hutumia kama kilokalori 2,400 kwa siku. Mtambaazi wa uzito huohuo anahitaji takriban sehemu moja ya kumi, yaani 240. Kijiji cha watu-joka 200 wa damu baridi kinashiba kwa posho ya 20 wa damu moto. Inavutia sana kwa nchi ya mawe ya lava yenye mashamba haba.

Lakini ubongo wa binadamu peke yake hula karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika, kilokalori 300 na ushei. Bajeti nzima imekwisha kabla moyo haujapiga. Mtu-joka wa damu baridi kamili, mwenye akili ya kuhesabu madeni na kubishana kesi usiku kucha, hasimami. Ukimtaka, kubali kwamba akipoa anakuwa mzito wa fikra. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi, basi baraza lao halikai kabla jua halijapasha mawe, na kiapo cha usiku hakimfungi mtu. Hiyo ni sheria nzuri kuliko nyingi ninazoziona kwenye michezo.

Kuna njia ya nne: tegu, mjusi mkubwa wa Amerika Kusini. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba msimu wa kuzaa ukifika, usiku mwili wake unaweza kuzidi joto la shimo lake kwa hadi nyuzi 10. Damu moto kwa msimu tu. Mwaka mzima anakula kidogo, miezi ya uzazi anakula kama moto wa kichaka. Mimi ningechukua hiyo.

Dadu_Ishirini (Lubumbashi)

Natetea njia ya tatu, kwa sababu mwendesha mchezo ana kazi nyingine pia. Kwa kanuni za 2014, Dragonborn ana karibu ratili 250, sawa na kilo 113, kwa hiyo uzito wako unaingia bila kurekebisha, ila kanuni hazimpi mkia. Mtoto anatembea saa chache baada ya kuanguliwa, akiwa na miaka 3 ana umbo la mtoto wa binadamu wa miaka 10, anakomaa akiwa na 15, anaishi hadi karibu 80. Jina la ukoo linatangulia jina lake mwenyewe. Pumzi yake inatoka kwa umbo la pia la futi 15 au mstari wa futi 5 kwa 30, na hairudi mpaka apumzike, angalau saa 1.

Udhaifu wake nausema wazi: mwili wa miaka 10 wenye miaka 3 tu ya kusikia lugha na kuonywa. Kanuni hazisemi nani anamkamata mtoto huyo mwenye nguvu asiyejua ya moto na ya maji. Ukichukua njia hii, swali hilo ndilo la kujaza kwanza.

Mkunga_wa_Mayai (Goma)

Mkubwa, anzia kwenye yai. Ukishajua yai linapata joto wapi na nani analigusa, nusu ya mila zimejiandika zenyewe.

Yai la mtambaazi haligeuzwi. Baada ya siku ya kwanza hivi kiinitete kinashika upande wa juu wa ganda; ukiligeuza, kinaweza kufa ndani. Yai la ndege ni kinyume chake: lazima ligeuzwe mara kadhaa kwa siku, la sivyo kiinitete hunata kwenye utando. Kwa hiyo njia ya kwanza inakupa mwiko wa kugusa: mkunga anachora alama ya mkaa juu ya kila yai saa lilipotagwa, na yai likihamishwa alama lazima ibaki ikitazama mbingu. Mchore mkunga mwenye kidole cheusi, wasomaji wataelewa cheo chake bila maneno. Njia ya pili inakupa zamu: nyumba nzima inaamka usiku kugeuza mayai, na anayelala zamuni ana kesi.

Pili, jinsia. Kwa mamba wa Nile, joto la kiota ndilo linaloamua: kati ya nyuzi 32 na 34 hivi hutoka madume wengi, chini ya hapo na juu ya hapo majike. Mayai hukaa mchangani karibu siku 90. Kwa hiyo kiota chenye joto moja hutoa watoto wa jinsia moja. Kizazi kizima cha ukoo kinaweza kuwa wasichana watupu, na hapo ukoo hauna budi kufunga undugu na ukoo wa mteremko mwingine, wenye udongo wa joto tofauti. Ramani ya joto la ardhi inageuka ramani ya ndoa. Na usiandike «tumbo moja» kwa ndugu zao. Sema «kiota kimoja».

Joto la volkano kwa mayai si ndoto. Maleo, ndege wa Sulawesi huko Indonesia, hufukia mayai yake kwenye udongo unaopashwa na volkano na kuondoka zake. Lakini hapa kwetu kuna mazuku, mifuko ya gesi inayoua. Gesi ya kaboni dioksaidi ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa. Hutoka ardhini na kutuama kwenye mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri kabla ya upepo. Yai linapumua kupitia ganda. Ukiweka kiota kwenye shimo la joto upande wa Sake, unaweza kupoteza mayai yote bila moto wala mnyama, na mkunga akiinama asubuhi anaanguka juu yake. Viota viwekwe kwenye mgongo wa lava, kamwe si bondeni, viwe na kina cha sentimita 40 hivi, na mlango utazame upande wa upepo. Dalili za mahali pabaya ni majani yaliyokauka na wadudu au ndege waliokufa.

Mkunga wao ashushe koroboi kwa kamba kabla ya kuingia. Ila sema ukweli kwenye katuni, vijana watasoma: mwali kuwaka hakumaanishi usalama. Gesi ikifikia asilimia 5 mtu anahema vibaya na taa bado inawaka. Ikipita 10 anazimia.

Mkaa_wa_Nyiragongo (Goma)

Aksanti sana. Ukubwa wa yai je? Nilikuwa nimechora kama pipa dogo.

Mkunga_wa_Mayai (Goma)

Punguza. Yai la mbuni ni kama kilo 1.4 na kifaranga chake hakifiki kilo 1. Mtoto wa mtu-joka atoke na uzito huo: anashikika kwa kiganja kimoja cha mzazi. Ganda likizidi unene, hewa haipiti wala mtoto hatoboi.

Na tafadhali usiwawekee wanawake matiti. Mchoro huo unaharibu kila kitu kilichotangulia. Wakihitaji maziwa, tumia njia ya njiwa: dume na jike wote wawili hutengeneza ute mzito kooni na kulisha makinda. Mara moja baba analea sawasawa na mama, na mtoto yatima wa mama hafi njaa.

Bomba_la_Pumzi (Goma)

Pumzi ya moto nimeipigia hesabu kwa methani, maana Ziwa Kivu limejaa gesi hiyo na wachezaji watauliza. Tumboni methani hutoka kwa wala-majani. Mla-nyama mtupu hana. Ng'ombe hutoa kati ya lita 250 na 500 kwa siku. Mtu-joka wako ana kama sehemu ya tano ya uzito wa ng'ombe, basi mpe lita 50 hadi 100. Mfuko wa kooni wa lita 5 unajaa kila baada ya saa 1 hadi 2 na nusu. Yaya Dadu, ona inavyoangukia karibu na mapumziko ya kanuni zako.

Lita 5 hizo zinatoa nishati ya kuchemsha nusu lita ya maji ya baridi. Si zaidi. Ni mwako mmoja wa kuunguza uso na nywele, hauyeyushi mlango wa chuma. Methani huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Kwa asilimia 10, lita 5 zinatengeneza wingu la lita 50, yaani bidoni mbili na nusu za lita 20. Chora wingu la ukubwa huo.

Kinachoharibika: akipuliza polepole, mwali unakimbia kurudi mdomoni. Anahitaji vali ya nyama kooni inayofunga kwa nguvu kabla pumzi haijaisha, na wazee wenye vali iliyolegea wanakatazwa kutema. Ndani ya mazuku hawashi kabisa.

Ukitaka silaha ya mla-nyama, mfuate mbawakawa mpiga-bomu. Ana haidrokwinoni na haidrojeni peroksaidi kwenye hifadhi moja, vimeng'enya kwenye chumba kingine. Vikikutana, mchemko unafika nyuzi 100 na kutoka kwa mapigo ya haraka. Hauhitaji cheche wala hewa, kwa hiyo hata kwenye mazuku unafanya kazi. Kwa nchi ya Sake hiyo ndiyo bora, nasema bila kusita.

Shaba_na_Gamba (Lubumbashi)

Mumesahau kujivua gamba. Nyoka huvua ngozi nzima, mijusi wengi huvua vipande vipande. Hewa ikiwa kavu, pete za ngozi kuukuu hubaki kwenye vidole na ncha ya mkia, zinabana damu, kidole kinakufa. Goma na Bukavu kuna unyevu, tatizo dogo. Ukoo wako ukihamia kwetu Lubumbashi wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, watakatika vidole. Wape nyumba ya mvuke na mtu wa kuwakagua vidole kimoja kimoja. Kukaguliwa mkono na mtu asiye wa kiota chako iwe tendo la kuaminiana kuliko kula pamoja.

Rangi: kama unataka kijani na nyekundu za kweli, muangalie ndege shorobo, ambaye wengine humwita kulukulu. Nyekundu ya mabawa yake ni turasini, rangi yenye karibu asilimia 7 ya shaba, na kijani chake pia kina shaba. Watu-joka wa Katanga waipate kutoka kwenye chakula na maji ya ardhi ya malakiti, jiwe la kijani lenye shaba. Shaba ikizidi inaharibu ini, kwa hiyo gamba linalovuliwa ndilo linaloitoa mwilini. Anayechelewa kujivua anaugua. Magamba yakusanywe na kuyeyushwa yawe misalaba midogo ya shaba kama ile ya zamani ya Katanga, iliyotumika kama fedha na iliyokutwa makaburini huko Sanga. Kwa hiyo kila mtu ana akiba iliyotoka mwilini mwake. Ni kidogo mno kwa mwaka, ndiyo maana ina thamani.

Mwalimu_wa_Matamshi (Bukavu)

Pua ndefu isiyo na midomo laini haitoi p, b, m wala w, na f na v zinapotea pia kwa sababu zinahitaji mdomo wa chini. Usiwape Kiswahili chetu kizima kama hawana midomo. Sauti zinarudi nyuma kwenye ulimi: p inakuwa t, b inakuwa d, m inakuwa n. Paka anakuwa «taka», pembe inakuwa «tende», na meno yanakuwa «neno». Hilo la mwisho lishike vizuri: kwa watu hawa meno na neno ni sauti moja. Aliyeng'oka jino mbele ya baraza amepoteza neno lake.

Ulimi nao uchague. Wa mamba umeshikiliwa chini ya kinywa na hautoki nje. Hafai kwa t na l za haraka. Wape ulimi wa mjusi. Njia ya pili ina faida hapa: kasuku wa kijivu wa misitu yetu hana midomo, lakini kwa koo la chini na ulimi wake anaiga hata m na b. Damu moto wa jamii ya ndege anaweza kusema Kiswahili safi bila kufungua taya sana.

Mkaa_wa_Nyiragongo (Goma)

Nimeamua: mwili wa tegu kwa msimu, mayai ya alama ya mkaa, silaha ya mbawakawa, ulimi wa mjusi. Kutoka kwa Dragonborn nachukua jina la ukoo kutangulia na miaka ya kukomaa. Kimoja kinanikwamisha: kwenye ukurasa wa kwanza mtoto anamwita baba yake. Kwa kanuni ya Mwalimu, «baba» inatoka «dada». Wasomaji watachanganyikiwa.

Mwalimu_wa_Matamshi (Bukavu)

Mtoto wa huku husema «papa». Pitisha hiyo kwenye pua isiyo na midomo: inatoka «tata», na tata ni baba kwa Kilingala na kwa Kiluba. Andika «tata». Mama awe «nana».