Timu kupewa jina la mwanasiasa ambaye nusu ya watu hawampendi, mnaionaje hii?

Kipa wa Akiba

Wakuu salaam. Naombeni msaada wa mawazo maana mkutano mkuu wa klabu yetu unakaribia na mimi ni mwanachama mwenye kadi, sio shabiki wa kwenye redio tu. Kamati ya utendaji imeleta wazo tuache jina letu la zamani tujiite jina la mwanasiasa mmoja (simtaji, sitaki uzi ugeuke wa vyama), ambaye kwa kweli ametusaidia sana pesa ya usajili, hilo hamna anayebisha. Shida ni kwamba nje ya mpira huyu mzee ni utata mtupu, kuna wanaomuona mkombozi na kuna waliopoteza kazi na wengine ndugu kipindi chake na hawataki hata kulisikia jina lake, na wote hao tunakaa nao jukwaa moja siku ya mechi.

Nikipinga naambiwa mbona duniani timu kibao zina majina ya wanasiasa na zinacheza tu. Ni kweli? Leteni hoja za pande zote, matusi pelekeni kwingine.

Beki Mstaafu

Mkuu wenzako hawajadanganya, zipo nyingi. Argentina kuna timu inaitwa Sarmiento, ya mji wa Junín, imeanzishwa 1911, jina ni la Domingo Faustino Sarmiento aliyekuwa rais 1868 mpaka 1874. Huyu anasifiwa kwa kujenga shule kila kona, ila pia aliandika mambo ya dharau kubwa kuhusu wenyeji asilia na wale wachunga ng'ombe wa nyikani, na Waargentina wanamgombania mpaka kesho. Sasa sikia utamu wake, timu hiyo hiyo inachezea uwanja unaoitwa Eva Perón, mke wa rais Juan Perón, ambao ni kambi nyingine ya siasa! Yaani mtu anavaa jina la kambi moja anakwenda kukaa kwenye viti vya kambi nyingine, na kwenye mechi hamna anayejali hilo, watu wanataka pointi tatu.

Chile kuna O'Higgins, Bolivia kuna Bolívar (wote wawili wapigania uhuru wa kule), Uholanzi kuna Willem II ambaye alikuwa mfalme kabisa. Ukienda Tilburg, mji wa timu hiyo, ukawasikia wanaimba Willem II usidhani wanamlilia mfalme, wanadai penati.

Ila angalia miaka. Willem II alikufa 1849, klabu ikachukua jina lake 1898. O'Higgins alikufa 1842, klabu ikaja 1955. Bolívar alikufa 1830, klabu 1925. Hata huyo Sarmiento alikuwa na miaka zaidi ya ishirini kaburini. Hawa hawakuwa na pesa ya usajili ya kumpa mtu wala hawakuwa na uchaguzi wa kugombea. Wa kwenu yuko hai au?

Mama Kona

Beki amemaliza vizuri na mimi naanzia hapo hapo. Tunahangaika na swali la kama mtu ana utata au hana, wakati kila mtu aliyewahi kutawala kuna watu alikanyaga, ukitafuta asiye na utata utaita timu jina la mti. La kuuliza ni NANI aliyeliweka hilo jina, na je aliyekataa angeweza kusema hapana akarudi nyumbani salama?

Chukua Grozny, mji mkuu wa Chechnya kule Urusi. Timu yao iliitwa Terek, jina la mto unaopita kule kwao, mto hauna chama. Mwaka 2017 ikageuzwa kuwa Akhmat, kwa ajili ya Akhmad Kadyrov. Huyu mzee alikuwa mufti, vita ya kwanza ya Chechnya alisimama na waliopigana na Urusi, baadaye akahamia upande wa Moscow, akawa rais wa Chechnya 2003, na Mei 9, 2004 akauawa kwa bomu, tena ndani ya uwanja wa mpira wakati wa sherehe. Na mwezi huo huo Terek wakachukua Kombe la Urusi, kwa hiyo hata mtu akisema kuna uchungu wa kweli kati ya timu na marehemu mimi simbishii, upo.

Lakini 2017 anayeongoza Chechnya ni nani? Ramzan, mtoto wake, tangu 2007. Uwanja wenyewe ulishaitwa Akhmat Arena tangu 2011. Hebu niambieni, ni mwanachama gani angenyoosha mkono mbele ya mtoto wa marehemu aseme "mimi napendelea jina la mto"? Ukimya wa pale sio kukubali. Na gharama yake anakuja kuilipa mchezaji ambaye hata hakuulizwa, kumbukeni Mohamed Salah Kombe la Dunia 2018, Misri waliweka kambi Grozny, akapigwa picha na Ramzan, dunia nzima ikamgeukia yeye badala ya waliomchagulia kambi. Kijana kaja kupasha misuli anajikuta yuko kwenye kampeni ya mtu.

Ndiyo maana nasema Sarmiento na Akhmat usiviweke kapu moja hata kama vyote ni "majina ya wanasiasa".

Jezi Namba 6

Mama Kona nakubali nusu. Hiyo ya "nani aliweka" haimalizi kila kitu, maana Vasco da Gama ya Brazili iliwekwa na wanachama wenyewe kwa hiari yao, wahamiaji wa Kireno pale Rio mwaka 1898, miaka 400 tangu safari yake ya India. Hakuna aliyewalazimisha. Lakini kwa sisi tunaosoma historia ya mwambao huyu mtu sio baharia tu wa kwenye vitabu. 1502 alifika Kilwa akamlazimisha mtawala alipe kodi kwa mfalme wa Ureno, na mwaka huo huo akachoma moto meli ya mahujaji waliokuwa wanatoka Makka, na watu wakiwa ndani. Baadaye akafanywa kuwa makamu wa mfalme kule India. Kama huyo sio mwanasiasa mwenye utata basi sijui.

Sasa ajabu yenyewe. Klabu hiyo ndiyo ilichukua ubingwa wa Rio 1923 na kikosi cha weusi, machotara na vibarua, klabu kubwa zikakasirika zikaanzisha ligi yao, 1924 Vasco wakaambiwa mkitaka kuingia ondoeni wachezaji 12, wakaandika barua kukataa. Barua hiyo mpaka leo ndiyo fahari yao. Mtoto wa Rio ukimtajia Vasco anawaza hiyo barua, hawazi meli ya mahujaji.

Kwa hiyo jina linaweza kuoshwa na matendo ya timu. Ila sio kwa wote, mimi binafsi ile jezi siwezi kuivaa, nawashangilia nikiwa na shati la kawaida.

Pesa Kwanza

Nyie mnaongea kama klabu zinaendeshwa kwa dua. Mtu katoa hela, jina lipande, maisha yaende. Mbona kampuni zikiweka majina hamlii?

Jezi Namba 6

@Pesa Kwanza nani kakwambia hawalii? Red Bull walivyonunua Austria Salzburg 2005 wakabadilisha jina na kufuta rangi ya zambarau, mashabiki waliondoka wakaenda kuanzisha timu yao upya wakiwa na jina lile la zamani, wakaanzia ligi za chini kabisa huko. Na kule hakukuwa na mwanasiasa hata mmoja, kulikuwa na kopo la kinywaji tu.

Beki Mstaafu

Halafu Pesa Kwanza kuna hesabu hujaipiga. Jina la mtu mwenye madaraka linadumu kama madaraka yake. Uwanja wa Stuttgart ulifunguliwa 1933 ukaitwa Adolf Hitler, 1945 jina halipo. Uwanja wa Turin uliitwa Mussolini, leo ni wa Torino na jina ni jingine kabisa. Hispania kombe lao liliitwa la Generalísimo kwa ajili ya dikteta wao Franco karibu miaka arobaini, alivyokufa haikuchukua muda likawa la Mfalme. Ghana ndiyo kali zaidi kwangu, Nkrumah aliunda timu ya Real Republikans, wakakusanywa wachezaji bora kutoka klabu nyingine (watu wa Kotoko na Hearts waliumia sana), watu wakaiita timu ya Osagyefo (jina la sifa la Nkrumah) mwenyewe. 1966 akapinduliwa, na timu ikafa hapo hapo. Haikushushwa daraja, ilifutwa. Unaona hatari? Uwanja unabadilishwa bango unaendelea, klabu iliyofungwa na mtu inazikwa naye.

Na wapo waliobadilisha kwa utaratibu bila mapinduzi. St. Pauli ya Hamburg uwanja wao ulikuwa na jina la Wilhelm Koch, rais wao wa zamani, ikaja kujulikana alikuwa mwanachama wa chama cha Hitler, wanachama wakajadili mkutanoni 1998 wakapiga kura jina likaondoka, uwanja ukarudi kuitwa Millerntor. Wenyewe, bila polisi.

Kipa wa Akiba

Asanteni sana wakuu, sikutegemea nitapata vitu hivi. Kumjibu Beki, yuko hai, tena mzima wa afya, na minong'ono ni kwamba anataka kugombea tena. Kingine nilichokigundua leo ni kwamba kura imepangwa iwe ya kunyoosha mikono, na yeye kaalikwa kama mgeni rasmi 😅. Mwenyekiti anasema wasiwasi wangu ni wa bure na kwamba akikataliwa jina atajisikia vibaya halafu tutalikosa na lile basi aliloahidi.

Mama Kona

Kipa yani mgeni rasmi amekaa meza kuu halafu nyie mnanyoosha mikono mbele yake? Hiyo sio kura, hiyo ni gwaride. Jambo la kwanza kabla hata hujalisema jina, simama uombe kura ya siri, na usome katiba yenu kubadilisha jina kunataka theluthi mbili au nusu, klabu nyingi jina liko ndani ya katiba kwa hiyo haliwezi kubadilishwa kama ajenda ya "mengineyo".

Pili, mtu hai anayegombea ni kesi nyepesi kuliko zote hizi tulizojadili, hata usihangaike na historia yake. Sheria namba 4 ya mpira inakataza ujumbe wa kisiasa kwenye vifaa vya mchezaji, akivua jezi akaonyesha fulana imeandikwa mpigie kura fulani anaadhibiwa. Sasa nyie mnataka kuliandika jina la mgombea kwenye nembo kifuani, litangazwe redioni kila wiki, msimu wote, bure. Labda kisheria itapita kwa sababu ni jina la klabu, ila mtoto mdogo anaona ni kampeni. Na mashabiki wa mpinzani wake waende wapi?

India uwanja wa kriketi wa Ahmedabad ulibadilishwa jina 2021 ukaitwa Narendra Modi wakati mwenyewe ni waziri mkuu yuko ofisini, watu walipiga kelele, lakini ule ni uwanja, timu za kila aina zinaingia na kutoka. Klabu ni kitu kingine, klabu ni watu.

Mkaa Benchi

Mnakumbuka Beitar Jerusalem ya Israel 2018 walitangaza watajiita Beitar Trump Jerusalem baada ya Marekani kuhamishia ubalozi wake Jerusalem? Nilicheka wiki nzima. Mpaka leo wanaitwa Beitar Jerusalem tu. Ingawa tuwe wakweli hata hiyo Beitar yenyewe ni jina la harakati ya kisiasa, kwa hiyo pale siasa haikuanza na Trump.

@Kipa wa Akiba mpeni kitu kingine mzee. Mpeni kombe la vijana, mpeni jukwaa moja liitwe jina lake, mpeni uanachama wa heshima na jezi imeandikwa jina mgongoni apige picha aweke ukutani. Kama alitoa kwa moyo atafurahi. Akinuna ujue hela ilikuwa ya kununua, sio ya kusaidia.

Pesa Kwanza

Haya mimi nimewasikia, kwenye jukwaa nakubali kuliko jina zima. Ila wewe Kipa acha maneno ya historia mkutanoni, wale wazee watakusinzia. Uliza maswali ya hela. Kubadilisha nembo, mihuri, jezi, usajili kwenye shirikisho, akaunti ya benki, nani analipa? Na lile basi, kadi ya gari itasoma jina la klabu au jina lake?

Kipa wa Akiba

@Pesa Kwanza hilo la kadi ya gari hakuna aliyeliuliza. Nampigia mweka hazina sasa hivi. Na barua ya kuomba kura ya siri nimeshaiandika, nimepata sahihi kumi na moja, katiba inataka ishirini. Kama kuna mwanachama mwenzangu humu amenitambua aniandikie inbox.