Fundi kanibadilishia oili ya gia mara tatu, na maji bado yamo

Wakuu, salaam aleikum. Nina hasira, mtanisamehe nikiropoka.

Mimi nabeba watu na mizigo kwa boti kati ya Mokowe na Amu (Lamu). Mashini yangu ya boti ni ya farasi 40, stroki mbili, nimeinunua mpya. Kabla ya kusi kuanza nikalegeza skrubu ya chini ya giaboksi niangalie oili. Ikatoka chai ya maziwa, na povu lake juu. Anayeshika mashini pwani hii haulizi tena hapo: maji yameingia.

Nikampelekea fundi (jina nalihifadhi). Akamwaga, akatia oili mpya, nikampa 2,500. "Tayari bosi." Siku kumi tu, chai ile ile. Nikarudi, akasema ni mabaki. Sawa, hilo silikatai, oili ya zamani hushika kwenye meno ya gia na beringi, ikachafua mpya kidogo. Nikanyamaza, nikatoa 2,500 nyingine. Wiki mbili baadaye, maziwa matupu. Mara ya tatu, baada ya kupokea 2,500 zake, ananiambia eti bahari ya huku ina chumvi kali. Babu zetu wameivua bahari hii miaka na miaka, chumvi imekuja jana?

Nawauliza: mtu akikuletea mtumbwi unaovuja, utamfulia maji halafu umdai pesa ya kalafati?

Ijumaa nikakodiwa kwenda Mtangawanda, kisiwa cha Pate. Tukiwa katikati ya mlango wa bahari wa Mkanda, maji yanakupwa, mikoko huku na huku, mashini ikaanza kusaga kama mtu anatafuna changarawe. Nikitia gia ya mbele inaruka. Abiria tisa, na bibi mmoja nyuma anasoma dua kwa sauti ili nami nisikie. Tukavutwa na boti ya mizigo, aibu yangu yote.

Nyumbani nikachomoa pini, nikafungua nati, nikatoa propela mwenyewe. Dakika kumi. Kati ya propela na giaboksi kuna mshipi wa kuvulia wa nailoni umejizungusha kwenye shafti, umeyeyuka kwa moto hadi umekuwa kama pete ya plastiki, na umekula mdomo wa sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie. Pale pale! Mara tatu mtu anashika giaboksi hii na hajatoa propela hata mara moja. Tunapita kwenye nyavu na mishipi ya watu kila siku, fundi wa Amu ataangalia wapi kwanza kama si hapo?

Sijamaliza. Wasa ndogo za skrubu mbili za oili, ya chini na ya juu, ni zile zile za kiwandani, zimebonyea na moja ina ufa. Hizo hubadilishwa kila unapofungua, na bei yake ni ndogo. Na oili alikuwa anaitia kwa juu na mrija! Oili ya gia husukumwa kutoka tundu la chini mpaka ifurike tundu la juu, ndipo unafunga la juu kwanza, kisha la chini. Ukitia kwa juu hewa inabaki ndani, unadhani imejaa.

Kupima upepo je? Unamwaga oili, unatia hewa kidogo kwa pampu yenye geji, unapaka maji ya sabuni, povu linakuonyesha panapovuja. Kidogo, nasema, ukizidisha utang'oa hata sili nzima. Hakupima. Kazi yake ni kuniambia "imetembea vizuri kwenye pipa la maji". Itaachaje? Giaboksi hunywa maji ikipoa: umekimbia imepata moto, umefunga gati, hewa ya ndani inanywea na kuvuta bahari kupitia sili mbovu. Dakika tano za pipa zitaonyesha nini?

Skrubu ya chini ina sumaku. Unga wa kijivu mwembamba ni kawaida. Yangu imeshika vipande vinavyochoma kidole. Gia ya mbele imekatika meno mawili, beringi ina kutu nyekundu.

Nampigia tangu Jumamosi, hashiki. Hizo 7,500 zangu nazitaka, na yeye anasoma hapa, najua. Mwenye giaboksi nzima ya farasi 40, shafti ndefu, awe Amu au Malindi, aniandikie bei leo kabla sijapanda basi la Mombasa.