Split, Kroatia: mama hali nguruwe wala hagusi pombe, tule wapi?

Swali

Habari zenu wanajamvi. Mwezi wa tisa nampeleka mama Split, siku nne, na tumepata chumba karibu na kasri la Diocletian. Mama ana miaka 67, nguruwe hali na pombe hagusi hata ya kupikia. Kwake akila vibaya siku ya kwanza, safari nzima imeharibika. Nimeangalia menyu za migahawa ya Riva, ile barabara ya mbele ya bahari, naona piza na pasta, na samaki ambao bei yao siielewi. Wenyeji wa Split wenyewe wanakula nini, na wapi?

Jibu la kwanza

Karibu dada, na hongera kwa kumpeleka mama. Mimi ni mpishi wa melini, na kwa misimu mitatu meli yetu ilikuwa ikilala Split kila wiki. Mji ule naupenda kwa sababu ya chakula chake.

Nianze na hiyo bei ya samaki, maana iliniuma. Siku yangu ya kwanza niliketi mezani mbele ya bahari, mhudumu akaniletea samaki mzima kwenye sinia nimchague. Nikamwonyesha kwa kidole, sikuuliza kitu. Alikuwa na kilo 1.2, na bei kwenye menyu ilikuwa euro 75, nami nikadhani ni bei ya sahani. Kumbe ni ya kilo. Nililipa euro 90 kwa samaki peke yake. Samaki weupe kule huuzwa kwa kilo, kwa hiyo kabla hajapelekwa jikoni mwambie mhudumu ampime mbele yako na akutajie jumla. Hakuna atakayekasirika, wenyeji nao hufanya hivyohivyo.

Sasa kula kama wao. Watu wa Split wana mlo unaoitwa marenda, wa kati ya asubuhi na mchana. Kuanzia kama saa nne konoba ndogo huanza kuwapakulia wafanyakazi chakula kilichopikwa siku hiyo, mara nyingi kimeandikwa kwa chaki ubaoni. Konoba ndiyo mikahawa yao ya kienyeji, na utaikuta ukipanda vichochoro vya Varoš, magharibi ya kasri. Mara ya mwisho nililipa euro 12 kwa sahani iliyonishibisha hadi usiku. Ukifika saa nane mchana unaweza kukuta sufuria zimekwisha.

Kwa mama yako ningeagiza *srdele na gradele*, dagaa wakubwa wa kuchoma kwenye makaa, na pembeni *blitva*, majani ya jamii ya spinachi yaliyochemshwa na viazi, yakatiwa kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Ni chakula cha bei nafuu na hakuna wanachokipika vizuri zaidi.

Ila asubuhi moja mpeleke kwanza Peškarija, soko la samaki, hatua chache kutoka kwenye kasri. Nendeni mapema. Jirani yake kuna chemchemi za salfa, na wenyeji husema harufu yake ndiyo inayofukuza nzi. Kweli sikuwahi kuona nzi mle. Nilikuwa nikisimama kwenye meza za dagaa, namshika mmoja kichwani: aliyevuliwa usiku huo mkia wake unasimama, haulegei, na mgongo unang'aa kibuluu-kijani. Ukishawaona hao, mchana utajua uliowekewa kwenye sahani ni wa lini.

Tahadhari ya pombe: *pašticada*, nyama ya ng'ombe iliyolazwa kwenye siki, watu watawasifia sana, lakini hupikwa na divai na mara nyingi huchomekwa vipande vya mafuta ya nguruwe. Mama asile. Wali mweusi wa wino wa ngisi na mchuzi wa samaki uitwao *brudet* navyo huwa na divai mara nyingi. Sema *bez svinjetine* kwa nguruwe na *bez vina* kwa divai, kabla ya kuagiza.

Jibu la pili

Naongeza kidogo. Mimi pia sili nguruwe, na kilichoniokoa ni *soparnik*: chapati mbili nyembamba, pana kama meza, katikati majani ya blitva na kitunguu, juu kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Asili yake ni Poljica, kusini mashariki ya Split. Iulizeni Pazar, soko la mboga lililo nje ya Lango la Fedha la kasri. Mwezi wa tisa mtakuta pia tini na zabibu.

Jumapili maduka mengi hufungwa, sheria iko hivyo tangu 2023, kwa hiyo nunueni matunda na mkate Jumamosi. Maji ya bomba yananyweka.

Muulizaji

Mungu awabariki wote wawili. Nimeandika kila kitu. Swali moja tu: mama ameona picha ya pweza wa *peka* na hataki kusikia kingine. Tukiingia tu mkahawani tutampata?

Jibu la kwanza

Hapana dada, huyo huagizwa mapema. Pweza na viazi huwekwa kwenye sinia, hufunikwa kwa kifuniko cha chuma kama kengele, kisha hupaliwa makaa juu, kama unavyopalia wali. Huchukua saa moja na nusu au zaidi. Pitieni konoba jana yake, semeni mko wawili, maana baadhi hawapiki kwa chini ya watu wanne, na hapohapo mwambieni mpishi asitie divai. Wengi humimina kidogo wakati wa kugeuza viazi, na mkisema siku yenyewe mtakuta kifuniko kimeshafunikwa.